Kiti cha plastiki

Binamu yangu alirudishwa kutoka Ulaya miaka kadhaa imepita na hajawahi kutuambia vizuri ilikuwaje, mpaka Jumapili juzi tuko kwao Manyatta tunangoja ugali, akaniambia kaa kwa hiki kiti, peleka mikono nyuma, sasa inama mpaka kifua kiguse mapaja. Nikainama. Akaniwekea kiganja mgongoni, hata hakusukuma. "Haya bro, sema majina yako yote."

Manze nilifika jina la pili pumzi ikakata, tumbo imepanda juu na kifua hakina pa kufungukia. Na mimi sikuwa na pingu wala belti, na mathe wake yuko jikoni ananiuliza kama nakula omena.

Nikamkumbuka Jimmy Mubenga, yule Muangola aliyekuwa London na mke na watoto watano. Oktoba 12, 2010, ndege ya kumrudisha kwao kwa nguvu iko uwanja wa Heathrow haijapaa hata, askari watatu wa kampuni ya ulinzi ya G4S (ndio hao, huku kwetu tunawajua kwa kubeba pesa za benki) wamempiga pingu kwa nyuma na belti juu yake. Abiria walimsikia akilia hawezi kupumua. Sasa kuna ile imani eti mtu akiweza kupiga kelele basi anapumua, lakini kelele ni hewa inatoka, shida ni kuingiza ingine! 2013 jopo la uchunguzi wa kifo likasema aliuawa kinyume cha sheria, 2014 korti ikawaachilia wote watatu.

Hapo ndio mimi hushindwa kabisa. Serikali iko ofisini imepiga muhuri, mkono unaokandamiza ni wa mtu wa kampuni, mambo ikiharibika kila mtu anaonyesha mwenzake.

Na tusiseme ni wazungu tu. Miguna Miguna, wakili na mwanasiasa, mtu wa hapa Nyando, Machi 2018 serikali yetu ikimfukuza nchini alifungiwa kwa choo cha JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na maagizo ya korti aachiliwe yapo, halafu anasema aliwekewa dawa akaamkia Dubai. Desemba korti ikasema alipwe milioni 7.

Nilimuuliza binamu yeye walimshika hivyo dakika ngapi. Akasema hakuwa anahesabu. Ugali ikaletwa, akachukua sahani yake akaenda kula mlangoni amesimama, vile yeye hufanya kila siku, na mimi miaka hii yote nikidhani ni joto ya nyumba inamsumbua.