Siku moja maishani mwangu: wiki tatu kabla ya kuhamia kiti cha kushoto

Saa 9:30 usiku. Ninaizima kengele ya simu kabla haijawaamsha watoto. Kwa miaka saba nimekuwa rubani msaidizi wa ATR 72, ndege ya abiria ya propela, katika shirika linalohudumia safari za ndani kutoka Dar es Salaam, na baada ya wiki tatu nitakwenda Johannesburg kuanza mafunzo ya ukapteni, yaani ya kiti cha kushoto, kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege. Leseni ya daraja la juu, ambayo haitolewi kwa mtu aliyeruka chini ya saa 1,500, ninayo tangu zamani. Huku chai ya tangawizi ikipoa, ninapitia kadi zangu za mfumo wa umeme wa ndege, kwa sababu wakufunzi hupenda kuanzia huko.

Saa 10:30 alfajiri. Kapteni wa leo, ambaye pia ni mkufunzi, amenitangulia ofisini.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Leo mafuta utapanga wewe. Mimi nitasaini."

Safari ni ya Mwanza na Bukoba, kisha kurudi kwa njia ileile. Ninajumlisha mafuta ya safari, asilimia 5 ya tahadhari, ya kufikia uwanja mbadala, na akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo rubani hatakiwi kupanga kuitumia. Utabiri wa Bukoba unataja radi. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea Ziwa Viktoria kutoka pande zote, hewa hukutana juu ya maji ikapanda, na ndiyo maana mvua kubwa za ziwani huja usiku na asubuhi mapema, zikaufikia ufuo wa magharibi wakati ambao ndege za kwanza zinawasili. Hakuna rubani wa njia hii anayezungumzia mvua ya Bukoba bila kukumbuka asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ambapo ATR 42 iliyokuwa ikienda kutua ilianguka ziwani na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakapoteza maisha. Ninaongeza kilo 300, ambazo ni takriban nusu saa ya kuzunguka angani, kisha ninamwuliza Kapteni kama zinatosha.

"Usiniulize kama zinatosha. Niambie kwa nini zinatosha."

Saa 12:00 asubuhi. Tunaondoka. (Tiketi ya abiria imeandikwa 06:00, karatasi zetu zinasema 03:00 kwa saa ya dunia, na mhudumu akizungumza na bibi wa kiti cha mbele anasema saa kumi na mbili; saa zote tatu ni sahihi.) Kwa kuwa bado sijafuzu, nimekaa kulia, lakini macho yangu yanafuata mikono ya Kapteni. Usukani mdogo wa kugeuza gurudumu la mbele uko upande wake tu, hivyo hata ninaporusha mimi, yeye ndiye anayeishika ndege katika mstari hadi kasi ya noti 70, takriban kilomita 130 kwa saa. Mimi nimezoea kusukuma vishikio vya nguvu za injini kwa mkono wa kushoto. Huko niendako itakuwa mkono wa kulia. Mikono itajifunza. Kinachonisumbua zaidi ni shikamoo.

Sisemi hivi kwa dharau, kwani nimelelewa nayo na watoto wangu nawalea nayo. Lakini rubani aliyemwamkia kapteni wake alfajiri huenda, saa mbili baadaye, akalazimika kumwambia mtu yuleyule, bila kuzunguka, kwamba kasi imezidi na asitue. Nadhani Kiingereza cha orodha za ukaguzi kinatusaidia kwa kuwa hakina shikamoo, ingawa ukimya hauna lugha. Miaka yote nimeutazama mteremko huu wa mamlaka, kati ya kapteni na msaidizi wake, kutoka chini, na sasa ninatakiwa kuupunguza nikiwa juu.

Saa 2:00 asubuhi. Mwanza kuna jua, Bukoba kuna radi juu ya uwanja. ATR yetu haina injini ndogo ya akiba mkiani, kwa hiyo tukisimama huiacha injini ya kulia ikiwaka huku propela yake imefungwa breki, tukapata umeme na hewa. Hewa hiyo inakula mafuta niliyoyaongeza alfajiri. Kapteni ananiuliza ningefanya nini, na uso wake hausemi lolote. Ninamjibu kwamba tuzime, abiria wakapumzike jengoni, na saa 3:00 tutazame upya hali ya hewa. Mfanyakazi wa uwanjani anataka kujua kama hatuwezi "kwenda kuchungulia tu". Ninamjibu kwamba hapana.

"Hata mimi ningesubiri," Kapteni anasema baada ya abiria kushuka. "Lakini ningetangulia kusema, ungekubali tu."

Saa 3:40 tunaondoka, na tunatua Bukoba kwenye lami yenye maji, wingu likiwa limeshahamia nchi kavu.

Saa 6:15 mchana. Mwanza tena, nyuzi 30. Uwanja uko takriban futi 3,760 juu ya usawa wa bahari, lakini kwa joto hili injini na mabawa huuona kama wa futi 6,400. Ninapiga hesabu za uzito mara mbili. Mbio za kupaa zinakuwa ndefu, kisha tunaelekea pwani bila la ziada.

Saa 10:00 jioni niko nyumbani, ninalala hadi magharibi.

Saa 2:00 usiku. Rubani msaidizi mwenye miezi mitano kazini amekuja tufanye mazoezi. Bango la chumba cha marubani liko ukutani, nimekaa kushoto, na mwiko wa ugali katika mkono wangu wa kulia ndio vishikio vya nguvu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Ninampa kadi: futi 500, hali ya hewa safi, kasi imezidi noti 20. Kanuni ni kwamba hapo aseme tuache kutua na kupaa upya. Simweleweshi zaidi. Ninaendelea "kutua" huku nikihesabu kimoyomoyo. Anaitazama kadi, ananitazama mimi, anakohoa. Sekunde ya tisa ndipo anaposema, "Samahani, dada, kasi kidogo..."

Tumeshagonga ardhi. Ninamwomba turudie, na safari hii, kabla ya kuanza, ninamwuliza yeye kwanza ni nini kitakachotufanya tusitue. Anataja vitu vitatu. Vyote vimo katika orodha yangu, na cha tatu, upepo wa nyuma, mimi nilikuwa nimekiweka mwisho.

Futi 500. Sekunde ya tatu.

"Paa upya!"

Nimeusukuma mwiko mbele kwa mkono wa kulia bila kukosea. Mwanangu mdogo, aliyetakiwa kuwa amelala, ameuliza kutoka mlangoni kama mjomba amekasirika.