Nilivyojifunza usanifu unaomlenga mtumiaji kwa karatasi na mkasi

Kila niliyemuuliza nianzie wapi kujifunza usanifu unaomlenga mtumiaji, yaani kubuni kitu kwa kumfuata atakayekitumia, alinijibu vilevile: anza na programu ya kuchorea skrini, mengine yatakuja yenyewe. Hayaji! Wanaojua kupanga rangi wamejaa tele. Waliowahi kukaa kimya wakamtazama mtu akihangaika na kazi yao ni wa kuhesabu.

Kilichonitoa gizani ni kanuni tatu za watafiti Gould na Lewis za mwaka 1985: wajue watumiaji na shughuli zao mapema, pima kwa kuwatazama wakitumia, rekebisha kisha urudie. Hakuna inayodai programu ya kuchorea. Basi programu yangu ya miadi nikaichora kwenye karatasi, kila skrini na karatasi yake, menyu nikazikata vipande. Kompyuta nikawa mimi: mtu akigusa kitufe, naondoa karatasi hii naweka ile. Akigusa pasipo na kitu, kompyuta haifanyi lolote.

Mama mmoja nilimwomba aseme kwa sauti kila anachowaza, nikampa kazi: "Mgeni wako wa Jumanne hawezi tena, anataka Alhamisi." Kitufe kiliandikwa "Hariri", nami neno hilo sikulitamka makusudi. Ukilitaja tu, umeshampa majibu ya mtihani. Akafungua miadi, akaweka kidole juu ya tarehe yenyewe. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, karatasi ikajikunja.

"Mbona hii haifunguki, mwanangu?"

Ulimi uliniwasha, lakini nikamrudishia: "Ulitarajia itokee nini, mama?"

Alitaka kalenda ijitokeze palepale. Nikachora kalenda ndogo kwa penseli, nikaipenyeza chini ya kidole chake. Akacheka, akagusa Alhamisi, kazi ikaisha. "Hariri" nikaikata kwa mkasi mbele yake. Gharama ya yote hayo ni vijisenti vya karatasi. Ingekuwa imeshaandikwa kwa msimbo wa kompyuta, kuing'oa kungeniuma zaidi.

Kuuliza "umeipenda?" niliacha zamani, maana mtu mwenye adabu atakujibu ndiyo hata kama imemshinda.

Na ile hesabu ya mwaka 2000 ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, kwamba kujaribu kwa watumiaji 5 kunatosha, nimechoka kuisikia ikinukuliwa nusu. Hakusema ujaribu kwa watu 5 ukalale. Alisema ukiwa na uwezo wa kuwapata 15, wagawe mara tatu, na katikati urekebishe.