Kilobaiti 640 kutoka kwenye bodi mfu

Kompyuta yangu ya XT, ile IBM ya 1983 yenye prosesa ya 8088, inatembea kwa megahezi 4.77 na sijawahi kuilalamikia mwendo. Kilio changu kilikuwa kumbukumbu (RAM). Bodi yake inabeba kilobaiti 256, basi. Kila niliyemuuliza alinijibu nitafute kadi ya nyongeza, na wenye kadi hizo siku hizi wanajua fika kwamba ni adimu.

Nikaamua kuikagua bodi yenyewe. Kumbukumbu imepangwa benki nne za kilobaiti 64, kila benki chipu tisa aina ya 4164: nane za data, ya tisa ya pariti, yaani ya kukagua makosa. Pini ya 1 ya 4164 haifanyi kazi yoyote, imekaa tu. Sasa mtazame kaka yake, 41256: umbo lile lile, pini 16 zile zile, ila hiyo ya 1 amepewa njia ya tisa ya anwani. Anwani huingia kwa awamu mbili, safu mlalo kisha safu wima, kwa hiyo njia moja ya ziada inazidisha nafasi mara nne. Na pale bodini kuna soketi tupu, U84. Ukichomeka humo 74LS158, chipu ya kuchagua kati ya ishara mbili, na kuunganisha pointi ya 1 na ya 2 pale bodini palipoandikwa E2, benki mbili za mwanzo zinakubali 41256. Hesabu: benki mbili za 256, ongeza mbili zilizobaki za 64. 640 kamili, bila kadi.

Nilichonunua ni hiyo 74LS158 tu. Chipu 18 za 41256 nilizing'oa kwenye bodi ya kompyuta ya 286 iliyokufa zamani. Ilikuwa nazo 36, zote kwenye soketi. Zimeandikwa -12, yaani nanosekunde 120. XT inaridhika na 200, na chipu yenye kasi kuliko inavyohitajika haina ubaya. Nilitumia bisibisi bapa nyembamba, nikiinua kidogo upande huu, kidogo upande ule. Ukikazana upande mmoja pini zinapinda kama miguu ya panzi. Zilizokuwa zimeingia weusi nilizisugua kwa kifutio cha penseli.

Nikawasha. Hesabu ya kumbukumbu kwenye skrini ikapanda hadi 256, kisha kosa 201, la kumbukumbu. Tarakimu zilizolitangulia ziliishia na 10, yaani biti ya 4 ukianzia sifuri. (Mashine ya umri huu inakutajia chipu mbovu. Za leo zinakupigia mlio tu, ubaki unahesabu milio.) Niliitoa chipu ya biti hiyo kwenye benki ya pili nikiwa nimeshaihukumu. Kumbe nzima: pini ya 14, inayotoa data, ilikuwa imejikunja chini ya tumbo lake. Ukiangalia kutoka juu, huoni kitu. Nikainyoosha kwa koleo ndogo, roho mkononi, maana pini hizi hazivumilii kukunjwa mara mbili.

Safari hii nilisimama mbele ya skrini sijakaa. Hesabu ya 8088 ina uvivu wake. Ikapita 256, ikapita 512, ikatulia kwenye 640 KB OK. DOS, mfumo endeshi wake, ilipofunguka nikaandika amri ya CHKDSK, inayotaja diski na kumbukumbu, ili nione na yeye atasemaje. Mstari wa kumbukumbu yote: baiti 655360.