Orodha niliyoibandua mlangoni

Mwaka wangu wa kwanza maktabani nilibandika orodha mbili kwenye mlango wa chumba cha walimu. Ya kwanza ilikuwa na vitabu 30 vya watoto, nimevipanga darasa kwa darasa. Ya pili ilikuwa na programu 14 za kufundishia, kila moja na maelezo yake. Nilikesha nazo usiku mbili, nikazipigia mistari kwa rula, nikazitia rangi. Muhula ulipokwisha nikaenda rafuni kuhesabu. Katika vitabu 30, vilivyoazimwa ni vinne, na viwili kati ya hivyo mwazimaji ni mimi mwenyewe. Kuhusu programu, mwalimu mmoja aliniuliza nywila ya wifi. Basi.

Niliudhika. Nikawalaumu walimu kwamba hawasomi, nikawalaumu watoto kwamba wamezoea picha zinazocheza. Ilinichukua muda kukubali kwamba zile orodha nilijiandikia mimi. Vitabu vilikuwa vile nilivyovipenda nikiwa mtoto, na programu nilizikusanya kutoka orodha za watu wengine. Nusu yake sikuwahi hata kuzifungua.

Aliyenifungua macho ni mvulana wa darasa la nne. Alikuwa akiazima kitabu kimoja tu, cha wadudu. Anakirudisha Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo anaondoka nacho. Kwenye ile karatasi ya tarehe ndani ya jalada la nyuma nilikuwa nimeshampigia mhuri mara saba. Nikaona nimsaidie. Nikamwambia, "Safari hii chukua hadithi." Akachukua kwa adabu, akairudisha kesho yake, na kwa jinsi kurasa zilivyokuwa zimeshikana nilijua hakuifungua.

Sikumgombeza. Nilimwomba akae anionyeshe anavyokisoma kile cha wadudu. Hakuanza ukurasa wa kwanza. Alifungua nyuma kabisa, kwenye faharasa, akateremka kwa kidole mpaka "mchwa", akaenda kwenye ukurasa uliotajwa, akasoma maneno madogo yaliyo chini ya picha. Humo akakutana na neno "kuvu". Akarudi nyuma kwenye faharasa, akalitafuta, akaruka kurasa arobaini mbele. Kumbe mchwa wengine hulima kuvu ndani ya kichuguu. Alinieleza hayo bila kunitazama, kidole kikiwa bado kinatembea. Mtoto wa miaka kumi anatumia faharasa kuliko wanafunzi wengi wa chuo niliosoma nao, nami nilikuwa nimeshamwandika kichwani kuwa mtoto asiyependa kusoma.

Ranganathan, mwalimu wa hesabu wa Madras aliyegeuka mkutubi mwaka 1924, aliandika sheria tano za maktaba, zikachapishwa mwaka 1931. Ya pili inasema kila msomaji na kitabu chake; ya tatu, kila kitabu na msomaji wake. Nilizikariri kwa ajili ya mtihani na nikapata alama zote. Kuzielewa kulisubiri mchwa.

Baada ya hapo nikaacha kuuliza "unapenda kusoma nini?" Watoto hulijibu swali hilo kama wanavyojibu la afya: vizuri, asante. Badala yake nauliza, "Kitabu gani ulikimaliza bila kulazimishwa?" Akikitaja, nauliza alikipendea nini, na hapo ndipo nanyamaza. Mmoja atasema kilikuwa kifupi. Mwingine atasema kuna mahali mtu anamjibu mwalimu wake vibaya. Jibu la namna hiyo lina kazi nzima ndani yake, kwa sababu sitafuti tena kitabu cha darasa la tano, natafuta kitabu ambamo mtu mdogo anamjibu mkubwa. Yule wa wadudu nilimpa kitabu cha bahari chenye faharasa, kisha cha ujenzi wa madaraja chenye faharasa. Hadithi sikumtajia tena.

Kuhusu ugumu wa kitabu, kipimo cha vidole vitano nakitumia lakini kwa upole. Mtoto anafungua ukurasa wowote wa katikati, anasoma, kila neno asilolijua anakunja kidole. Vikiisha vitano kabla ya ukurasa kuisha, kitabu bado ni kigumu kwake. Tatizo ni kwamba watoto si wajinga. Kuna msichana aliyesoma ukurasa mzima wa kitabu kinene huku mkono umenyooka kama anaapa, hakukunja hata kimoja, na macho yake yakaniambia kwamba hakuelewa hata sentensi. Rafiki yake alikuwa anacho kitabu hichohicho. Nikampa, na juu yake nikaweka chembamba "cha kusindikiza". Kile chembamba kilirudi kimechoka kwa kusomwa. Kile kinene kilirudi safi, lakini alikuwa amekibeba wiki nzima mbele ya watu, na mimi naona hilo nalo lina thamani. Kipimo ni cha mtoto kujipimia. Mkutubi akikigeuza kuwa geti, watoto wataacha kuja.

Swali lililonitoa jasho kuliko yote lilitoka kwa mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. "Mwalimu, kuna kitabu cha mtoto kama mimi? Ila asiwe anahurumiwa." Nilikuwa na vitabu vitatu vyenye mtoto wa namna hiyo. Nilivisoma upya jioni ile, na katika vyote vitatu yule mtoto yupo ili wenzake wajifunze wema. Yeye mwenyewe hana analolitaka. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani, aliandika kwamba vitabu ni madirisha na vioo: kuna tunavyochungulia maisha ya wengine, na kuna tunavyojiona sisi. Yule mtoto nilikuwa nimemwekea kioo kilichopinda.

Hapo ndipo teknolojia iliponifaa kwa mara ya kwanza kwa dhati, na haikuwa programu yenye kelele. Kuna hazina za hadithi za watoto zinazotolewa kwa leseni huria, maana yake unaruhusiwa kupakua, kuchapa na kutafsiri bila kumwomba mtu, mradi uwataje walioandika na waliochora. StoryWeaver ilianzishwa na Pratham Books ya India mwaka 2015, na hadithi zake zimepangwa kwa ngazi za usomaji. African Storybook ni ya shirika la Saide la Afrika Kusini, na za Kiswahili humo ni nyingi. Nilichimba humo jioni kadhaa mpaka nikapata hadithi ambayo mtoto wake ana shughuli zake tu, na kiti ni kiti. Nikaichapa, nikaikunja, nikaibana kwa stepla mbili mgongoni.

Ukitaka kufanya hivyo, chapa kwanza ukurasa mmoja wa picha kwa wino mweusi. Picha zilizojaa rangi nzito hugeuka tope na mtoto haoni nani ni nani. Zilizochorwa kwa mistari hubaki vizuri. Niliharibu karatasi nyingi kabla ya kulijua hilo.

Walimu nao nilianza kuwafanyia kama watoto. Mwalimu wa sayansi alikuja akasema, "Mwalimu mwenzangu, nipe programu ya kuwachangamsha." Zamani ningemtajia tano. Safari hii nilimuuliza: somo gani, dakika ngapi, na nani hasa hachangamki? Akafikiri. Akasema mikono inayonyooka ni ileile mitano kila siku, wengine hajui kama wameelewa au wamelala macho wazi. Alishajaribu mchezo mmoja wa maswali wa mtandaoni, vishikwambi vinane kwa darasa zima. Mtandao ukakatika swali la pili, kipindi kikaishia kwenye kugombania chaja.

Kwa shida hiyo hakuhitaji vishikwambi. Nilimpa Plickers. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye alama nyeusi, na kwenye pande zake nne kuna A, B, C na D kwa herufi ndogo sana. Mwalimu anauliza, mtoto anageuza kadi ili herufi ya jibu lake iwe juu, kisha mwalimu anapitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa na majibu yanaingia kwa jina la kila mmoja. Kadi zote zina alama tofauti, kwa hiyo kumchungulia jirani hakusaidii. Kifaa kinachohitajika ni simu moja, ya mwalimu.

Nilikaa nyuma ya darasa siku ya kwanza. Swali lilikuwa: mti mkubwa umeupata wapi uzito wake, kwenye udongo, maji peke yake, hewa na maji, au mbolea? Zaidi ya nusu walisema udongo, wakiwemo watatu kati ya ile mikono mitano. Mwalimu aliiangalia simu, akaniangalia mimi, akafuta ubao. Akaanza upya kwamba mmea hujijenga kwa kaboni dayoksaidi ya hewani pamoja na maji. Kipindi hicho hakikuwa na kelele wala muziki, na sijasikia tena akiomba programu ya kuwachangamsha.

Mimi pia nimeshaumbuka. Niliwahi kuwarekodi watoto wakielezea vitabu walivyovisoma, nikatengeneza misimbo ya QR, vile viraba vyenye vidoa vyeusi vinavyosomwa kwa kamera, nikaigundisha nyuma ya vitabu 60. Ukipiga picha msimbo kwa kishikwambi cha mezani, unasikia sauti ya mtoto mwenzako. Walipanga foleni. Wiki ya tatu, msimbo ukifunguliwa unaleta ukurasa wa kudai malipo. Sikuwa nimeelewa kwamba tovuti ile ya bure haikuweka anwani ya faili langu ndani ya msimbo. Iliweka anwani yake yenyewe, inayokuelekeza kwenye langu kwa muda inaopenda yenyewe. Vitabu 60, nikavibandua kimoja kimoja kwa kitambaa cha maji ya moto, na majalada mengine yakatoka na rangi.

Nikajifunza kwamba msimbo wa QR hauhitaji anwani yoyote. Unaweza kubeba maandishi yenyewe, kwa herufi za kawaida hadi 2,953, ingawa ukizidisha vijiraba vinakuwa vidogo na kamera inasumbuka. Sasa mtoto anaandika maoni yake kwa sentensi mbili tatu, wakati wa kutengeneza msimbo nayachagulia "maandishi" badala ya "kiungo", nachapa. Yanasomeka bila intaneti na hakuna wa kuyazima. Sauti nimezipoteza, na inaniuma. Lakini nimepata hili, nyuma ya kitabu kimoja cha majini: "Usikisome usiku kama unalala peke yako. Mimi nililala na dada."

Kuna programu ninazozikataa mlangoni bila kuangalia uzuri wake. Ikimtaka mtoto anwani ya barua pepe au tarehe ya kuzaliwa ndipo acheze hesabu, haiingii. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 ndiyo sababu tovuti nyingi huuliza umri, na watoto wameshajifunza jibu: wote wamezaliwa zamani sana.

Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo orodha ya vitabu ilibidi iwepo. Niliitamani Koha, mfumo huria wa maktaba uliozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ni mfumo mzuri, ila unataka seva, yaani kompyuta ya kuuendesha, na mtu wa kuilea, na mimi nilikuwa peke yangu na vitabu 1,800. Nikabaki na lahajedwali, jedwali la kompyuta la safu na mistari. Kuna ujanja mmoja: tarakimu 13 za ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ukizizidisha kwa 1 na 3 kwa zamu kisha ukajumlisha, jibu lazima ligawanyike kwa 10. Fomula hiyo ilinikamatia makosa mengi ya vidole. Baada ya safu za jina, mwandishi na rafu niliongeza nyingine: nani alikipenda, na kwa nini. Mwalimu akija kuuliza kitabu naisoma hiyo kwanza.

Zile orodha mbili nilizibandua mwenyewe. Gundi iliacha alama mlangoni.

Yule wa wadudu sasa yuko darasa la tano. Mwezi uliopita alikuja na kitabu cha ndege mkononi, amekunja uso. "Mwalimu, hiki hakina faharasa." Nikamwambia ni kweli, wengine hawaweki. Akaomba karatasi. Alikuja mapumziko manne mfululizo, akakaa meza ya dirishani, akifunua na kuandika. Karatasi ile nimeigundisha ndani ya jalada la nyuma, pembeni ya ile ya tarehe. Ameweka "njiwa" kabla ya "mbuni". Sijamsahihisha.