Nimemsoma Nietzsche nikiwa Ujiji, na kuna sehemu namkatalia

Huyu Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 19, vijana wetu wengi wanamjua kwa sentensi moja tu, ile ya "Mungu amekufa", wanaiweka status halafu wanaingia kwenye magrupu ya WhatsApp kubishana na masheikh na wachungaji. Upande wa pili nao wakisikia hiyohiyo sentensi wanamfungia mlango, huyo kafiri, hasomwi, basi. Kiukweli pande zote mbili hazijamsoma. Mi nimekaa naye muda, nasoma narudia, na naona anatufaa sana sisi watu wa Kigoma, ila pia kuna jambo watu wa Ujiji tunaweza kumjibu ambalo huko kwao sijaona mtu akimjibu hivyo.

Tuanze na hiyo sentensi maana ndo inapotoshwa zaidi. Imo kwenye kitabu chake cha 1882, na anayeitamka ni kichaa mmoja anaingia sokoni asubuhi kweupe kabeba taa inawaka, anasema anamtafuta Mungu. Waliopo pale sokoni wengi hawaamini tena, ndo wanamcheka, wanamuuliza kwani kapotea kama mtoto, au kapanda meli kasafiri? Kichaa anawageukia anawaambia tumemuua sisi, mimi na nyie. Sasa ona, maneno yale hakuambiwa mtu anayeswali, wameambiwa walioacha imani wakadhani maisha yataendelea vilevile, haki ibaki haki, huruma ibaki huruma, wakati msingi wa nyumba wameshaung'oa wenyewe. Na Nietzsche ni mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, kazaliwa 1844 kijiji cha Röcken huko Ujerumani, baba yake kafariki yeye ana miaka minne. Mi ni Muislamu, simfuati kwenye kukana kwake, lakini nikisoma pale sisikii mtu anayeshangilia, nasikia mtu anayeona kitu kikubwa kinakuja na wenzake wanacheka tu.

Kitabu kilichonikaa moyoni zaidi ni cha 1887, kile cha asili ya maadili. Anauliza haya tunayoyaita mema na mabaya yalitoka wapi, na nani aliyafaidi. Jibu lake ni kwamba zamani wenye nguvu walijiita wema kwa sababu tu ni wao, na wa chini wakaonekana duni, yakawa maadili ya mabwana. Wanyonge wakawa hawana mkono wa kulipiza, wakalipiza kwa fikra, wakageuza kibao chote: unyonge ukaitwa unyenyekevu, kushindwa kulipa kisasi kukaitwa msamaha, woga ukaitwa subira. Haya ndo anayaita maadili ya watumwa, na anasema chini yake kuna kinyongo kilichooza. Anatoa na mfano wa wanakondoo wanasema hawa ndege wala nyama ni waovu, kwa hiyo sisi tusiofanana nao ndo wema, na ndege wanajibu wala hatuna ugomvi na hawa wanakondoo, tunawapenda kabisa, hakuna kitamu kama mwanakondoo laini.

Inauma, lakini nenda Kibirizi mwaloni, hapa Kigoma, kipindi cha mbalamwezi, wakati boti za dagaa hazitoki kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa. Vijana wamekaa wanashona nyavu na stori ni tajiri tu, yaani mwenye boti. Tajiri anakata mafuta, anakata fungu la nyavu, fungu la injini, la taa, kinachobaki ndo mnagawana, na malalamiko yao mengi ni ya haki kabisa, hilo silipingi. Ila sikiliza yanapofika mwisho: "yule moto unamsubiri, sisi masikini ila roho zetu safi." Siku moja nikamuuliza mmoja wao, mdogo wangu, na wewe ukipata boti mgawo utakuwaje? Akasema bila kufikiria, utakuwa huuhuu kaka, kwani mi mjinga? Pale nikamuona Nietzsche kakaa kwenye mchanga na sisi. Usafi wa roho uliokuwa unasemwa ulikuwa ni kukosa boti.

Halafu anawagusa na viongozi wa dini, anasema mtu akiteseka anatafuta wa kumlaumu, na kuhani anamwambia wa kumlaumu yupo, ni wewe mwenyewe. Mama ana mtoto anaumwa malaria kali anaambiwa achunguze dhambi zake. Hayo tunayasikia kabisa, msikitini na kanisani, na mtu anayempenda Mungu ndo anatakiwa ayakatae kwa sauti kubwa kuliko hata asiyeamini.

Sasa pa kumkatalia. Mwaka huohuo 1887, wakati yeye anaandika kuhusu bwana na mtumwa, anawawazia Warumi na Wakristo wa mwanzo, watu wa karibu miaka elfu mbili nyuma, hapa Ujiji bwana na mtumwa walikuwa hai. Misafara ilikuwa inatoka Manyema, huko Kongo ya mashariki, inavuka ziwa Tanganyika inashuka hapa na pembe za ndovu na watu wamefungwa, halafu kwa miguu mpaka Tabora, mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limeshafungwa tangu 1873 lakini huku bara biashara haikufa, sheria ya kufuta utumwa Tanganyika imekuja 1922 chini ya Waingereza. Kwa hiyo sisi hatuhitaji kuwakisia. Na bwana tunayemjua sisi hafanani na yule wa Nietzsche, mwenye nguvu huru anayejitungia thamani zake bila kumtazama mtu. Hata Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mkubwa wao, alikuwa anaingia bara kwa mali ya mkopo, akidhaminiwa na tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, Taria Topan. Bwana alikuwa mdaiwa. Kule juu nako kulikuwa na hofu ya deni na hesabu za pembe, utukufu wenyewe siuoni.

Na huyu wa chini? Shangazi yangu anaanika dagaa Katonga. Ana mkopo wa kikoba, ana wajukuu, mvua ikinyesha ghafla mzigo wa siku nzima unaharibika. Jirani yake mume kaumia mguu haendi ziwani, basi shangazi kila akikusanya dagaa jioni anajaza sado moja, anaifunika na kanga, anamtuma mtoto apeleke. Hakuna anayemtangazia, na hajawahi kumsema vibaya tajiri yeyote mbele yangu. Nilimuuliza shangazi mbona na wewe unadaiwa, akanijibu wale nao wanakula, mwanangu, akaendelea kuchambua dagaa wake. Hapo kinyongo kiko wapi? Nietzsche mwenyewe kwenye kitabu chake kingine, Zarathustra, anasifu sana fadhila ya kutoa, mtu anayetoa kwa sababu kajaa, halazimishwi na woga wala hafanyi ili aonekane. Kipimo chake ni kizuri mno, ila alikwenda nacho kwa mabwana tu. Angekipeleka kwa anikaye dagaa angemkuta mtu wa daraja la juu, na nadharia yake kwamba huruma ya mnyonge ni kisasi kilichovaa kanzu ingebidi aikate nusu. Nusu, kwa sababu yale ya Kibirizi nimeyaona.

Ukitaka kumsoma, anza na hicho cha 1887, sehemu ya kwanza. Ile Zarathustra ni ngumu, ni kama mashairi, iache kwa baadaye. Na kile kiitwacho Utashi wa Mamlaka kilichotoka 1901 kisome kwa tahadhari kubwa, alishafariki tangu Agosti 1900, na kabla ya hapo akili ilikuwa imemtoka tangu Januari 1889 alipoanguka Turin. Ni daftari zake zimekusanywa na watu wengine chini ya dada yake, Elisabeth, ambaye alifungamana na wachukia Wayahudi na uzalendo mkali wa Kijerumani, mambo ambayo kaka mtu aliyalaani kwa maandishi, na ndo huyo dada ambaye 1935 Hitler alikwenda kwenye mazishi yake. Mengi ya ukatili anayotupiwa Nietzsche yamepitia mlango huo.

Mwenye nakala ya Kiswahili ya chochote chake aniambie nije niazime, niko Ujiji.