"Dada ananiärgern": Kiswahili cha wanangu hapa Hamburg

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni nasonga ugali, mara mwanangu mdogo, ana miaka mitano, katoka chumbani mbio machozi yanamtiririka: "Mama, dada ananiärgern!"

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Sio kwa sababu ya ugomvi, hao wanagombana kila siku, ni hilo neno. Ärgern kwa Kijerumani ni kuchokoza, kukera, na mwaka jana tu huyu mtoto alikuwa anasema "dada anaärgern mimi". Sasa hivi hiyo "ni" kaiweka pale pale inapotakiwa kukaa, a-na-ni halafu kitendo, na hakuna mtu aliyemkalisha chini akamfundisha. Mtu akisikia juu juu atasema mtoto kachanganyikiwa, hajui Kiswahili hajui Kijerumani, lakini mimi nilichosikia ni Kiswahili kilichonyooka kabisa ila kimeazima kitendo kimoja kwa jirani.

Nyumbani kwetu iko hivi. Mimi mtu wa Tanga naongea nao Kiswahili, baba yao Mghana (Waghana Hamburg wako wengi sana) anaongea nao Kiingereza, huko nje kote ni Kijerumani. Mzazi mmoja lugha moja, ndio mtindo tunaofuata, na sio wa leo, kuna Mfaransa anaitwa Jules Ronjat mkewe alikuwa Mjerumani, walimlea mtoto wao Louis hivyo hivyo na mwaka 1913 akatoa kitabu kuhusu hilo. Sisi wazazi tunajitahidi kuufuata. Watoto wao kwa wao ni Kijerumani, basi.

Halafu kuna yule mtaalamu wa isimu, Carol Myers-Scotton, aliyekusanya mazungumzo ya watu Nairobi wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, mwaka 1993 akaja na nadharia kwamba mtu akichanganya, lugha moja ndio inatoa fremu, yaani mpangilio na vile viambishi, na nyingine inaleta maneno ya kupachika humo ndani. Niliposoma hivyo nikamkumbuka mwanangu. "Nimevergessen kofia", yaani nimesahau. "Mama angalia maauto yale!", yaani magari. Fremu ni yetu jamani, hata wingi wa ma kaujua mwenyewe.

Na wanajua wanaongea na nani. Jumapili hiyo hiyo jioni bibi yao kapiga simu ya vidio kutoka Tanga, mdogo akaanza kushtaki, "Bibi, dada ana... ana..." akasimama, macho juu, anatafuta, "ananisumbua!" Neno alikuwa nalo muda wote. Kwangu mimi halihitaji kwa sababu anajua Kijerumani nakielewa, bibi hakielewi, kwa hiyo kaenda kulitafuta huko lilikojificha.

Sasa niseme linaloniuma. Mkubwa alipokuwa na miaka mitatu alikuwa mzito kuongea, na mwalimu mmoja wa chekechea akaniita pembeni akaniambia lugha tatu ni nyingi mno, mama acha hiyo ya kwenu, ongea naye Kijerumani tu. Nilikuwa mgeni, naogopa kila mtu mwenye faili mkononi, nikatii. Miezi minne niliongea na mwanangu Kijerumani changu cha kuokoteza, siwezi kumbembeleza nacho, siwezi kumwimbia, hata kumgombeza nilikuwa nafikiria kwanza kama ni der au die au das, hizo ndio kama ngeli zao. Tukawa tunanyamaza sana mimi na yeye. Siku moja namvalisha koti akanishika mdomo na vidole vyake akasema, "Mama, ongea ya Mama." Nililia pale pale mlangoni na sikurudi tena kwenye Kijerumani naye.

Baadaye ndio nikaelewa kwamba mtoto wa hivi ukitaka kujua ana maneno mangapi unajumlisha ya lugha zote, huwezi ukahesabu ya Kijerumani peke yake halafu ukasema yuko nyuma. Nilibandika karatasi kwenye friji nikawa naandika: maziwa, viatu, juice, Ball, bado, bado, bado (neno lake alilolipenda kuliko yote). Yakajaa karatasi mbili. Na lingine linalonikera mpaka leo, Kiswahili kinafundishwa Hamburg hii hii tangu 1909 alipokuja Carl Meinhof kuongoza idara ya lugha za makoloni, yaani Mjerumani akitaka kwenda kututawala anakisoma, mimi nikitaka kumlea mwanangu nacho naambiwa kinamchelewesha.

Juzi mkubwa, sasa ana miaka tisa, kaniuliza, "Mama, shule na Schule, nani alicopy?" Nikamwambia sisi ndio tulichukua, na hela pia imetoka kwenye Heller, sarafu waliyokuwa wanaitumia kule enzi zao. Akafurahi kweli, akaenda kumwambia baba yake kwa Kiingereza, akarudi kamwambia mdogo wake kwa Kijerumani, habari ile ile, dakika mbili.

Kwa hiyo kuchanganya hakunitishi. Kinachonitisha ni kwamba Kiswahili chao ni cha jikoni na bafuni. Sufuria, sabuni, oga, kula, lala, vaa soksi, hapo hawana shida. Ukija kwenye mambo ya darasani kimya, mkubwa anajua sayari zote kwa Kijerumani, kwa Kiswahili anajua jua na mwezi. Hesabu ndio usiseme, Wajerumani ishirini na moja wanaisema moja na ishirini, na yeye kwangu anahesabu hivyo hivyo, "moja na ishirini, mbili na ishirini". Saa nayo, halb acht yao ni saa moja na nusu yetu, yeye anasema "nusu nane". Mdogo anasema "nataka maji kunywa", maneno yote yetu, mpangilio wa Kijerumani. Hilo mimi ndilo nahangaika nalo zaidi kuliko ärgern, maana neno la kuazima unaliona, mpangilio ukihama huuoni. Nikaamua homuweki ya hesabu tunafanya kwa Kiswahili, tunachelewa kulala lakini tunafanya.

Na ngeli. Desemba tulipokwenda Tanga mkubwa akasema "kitabu yangu" mbele ya binamu zake, wakacheka, watoto tu hawakuwa na ubaya, lakini siku mbili nzima hakuongea nao, anatingisha kichwa tu. Mama yangu ndiye aliyemtoa humo, alimweka karibu yake akimenya muhogo, kila akikosea bibi anarudia tu sentensi ilivyo sawa kama vile anaitikia, "eeh, kitabu chako kiko wapi?", hacheki, hasahihishi. Mimi miaka yote nilikuwa nakatiza. Sasa nafanya kama mama.

Jumamosi rafiki wa yule mkubwa, Mjerumani, alilala kwetu. Saa tatu usiku nawapelekea taulo nasikia wanangu wawili wananong'ona nyuma ya mlango, nikajua ni Kijerumani kama kawaida. "Usimwambie chokoleti iko wapi." "Iko wapi?" "Nyuma ya sufuria kubwa, Mama kaiverstecken." "Atakula yote?" "Atakula yote, we nyamaza."

Wao kwa wao, mimi sipo. Nilisimama koridoni na taulo zangu mpaka wakanyamaza.