Nilivyookoa picha za studio kwa flashi moja

Studio yangu iko Umoja, Nairobi, chumba kimoja chenye pazia jeupe na kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba. Jumatatu moja asubuhi niliiwasha, Windows ikazunguka weee, haikufunguka. Nilipoinama nikasikia diski ikigonga: tiki, tiki, kimya, kisha tiki tena. Humo mlikuwa na picha za harusi ya Machakos ambazo sikuwa nimemkabidhi mwenyewe, pamoja na kazi ya miaka minne.

Nikampigia fundi mmoja wa Luthuli Avenue. "Boss, ilete tupige Windows upya, ni saa moja tu." Alikuwa na nia njema, lakini kupiga Windows upya ni kuandika juu ya diski ile ile inayougua. Diski ya namna hiyo hunakiliwa kwanza, matengenezo baadaye. Nikaizima na kuchomoa waya.

Kwa laptopu ya jirani nilipakua SystemRescue, mfumo wa Linux wa bure unaowasha kompyuta bila kutumia Windows, nikauandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. (Rufus hufuta kila kilichomo kwenye flashi, kwa hiyo tumia isiyo na kitu.) Kisha nikanunua diski ya nje ya terabaiti 1, nikaifomati kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Mpangilio wa FAT32 usingefaa, maana haubebi faili inayofika GB 4, na mimi nilihitaji faili moja yenye ukubwa wa diski nzima.

Nilichomeka flashi, nikabonyeza F12 kompyuta ilipowaka ili nichague iwake kwa nini, nikachagua flashi. Windows haikuguswa kabisa. Diski yangu ilionekana, nikashukuru Mungu, kwa sababu kama isingeonekana hata kwenye BIOS (programu ya kompyuta inayowaka kabla ya Windows), flashi isingenisaidia kitu.

Hapa ndipo mikono ilipotetemeka. Ukikosea ipi ni ya kusomwa na ipi ni ya kuandikiwa, unafuta ulichotaka kuokoa. Niliandika lsblk, amri inayoorodhesha diski, nikatazama ukubwa: sda 465.8G, yaani ile ya GB 500, sdb 931.5G, ile mpya. Nikasoma mara tatu, nikaandika sda na sdb kwenye karatasi, ndipo nikaifungua diski mpya kwenye folda ya /mnt na kuandika amri ya kunakili:

ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/studio.img /mnt/studio.map

Programu hii, ddrescue, hunakili kwanza sehemu zilizo salama na kuruka zile mbovu, ili diski isichoke mahali pamoja; -n huiambia isihangaike na zile mbovu kwa sasa. Faili ya studio.img ndiyo nakala yenyewe, na hiyo studio.map ni ramani ya kilichokwisha kusomwa. Niliiweka kwenye diski ya nje makusudi, kwani mfumo wa flashi huishi kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kompyuta ikizimika kila kitu cha humo kinapotea.

Nilianza saa kumi jioni. Saa mbili na nusu usiku, tukiwa asilimia 61, stima ikapotea mtaa mzima. Nilikaa gizani nimeshika tochi ya simu, tumbo linanguruma kwa wasiwasi. Stima iliporudi saa nne nikawasha tena kwa flashi, nikaandika amri ile ile na ramani ile ile. Ikaendelea kutoka 61. Sikuamini macho yangu.

Alfajiri nilirudia sehemu zilizobaki, safari hii nikiweka -r3 badala ya -n, yaani ijaribu mara tatu zaidi. Ikatoka na asilimia 99.98. Nikaichomoa diski ya zamani na sikuiwasha tena. Picha nilizitoa kwenye ile nakala.

Kumi na moja za Machakos zilifunguka nusu, chini zikiwa kijivu tupu. Nilimpigia mamake bibi harusi nikamweleza yote. Akaniuliza, "Ile ya kukata keki ipo?" Ilikuwepo. "Basi leta hizo zingine, mwanangu."